Wanga, kaolini, chokaa au talki: uongeze nini kwenye karatasi ya rojo la mavuno mengi?

Gazeti likisahaulika juani siku mbili juu ya meza ya muuza magazeti, ukurasa wa juu hugeuka rangi ya chai ya maziwa, na ule uliofunikwa chini yake hubaki na weupe wake. Kinachogeuka pale ni lignini, gundi ya asili inayoshikamanisha nyuzi za mti. Karatasi nzuri ya daftari imetolewa lignini karibu yote. Ya gazeti imeachiwa.

Rojo, yaani nyuzi za mti zilizosagwa tayari kuwa karatasi, likiwa la mavuno mengi linapita njia ileile ya kuacha lignini ndani, ila kwa uangalifu zaidi. Vipande vya mti huloweshwa kemikali kidogo, ama sodiamu salfaiti, ama kostiki soda pamoja na hidrojeni peroksaidi, kisha husagwa katikati ya sahani mbili za chuma zenye meno. Kilo 100 za mti mkavu hutoa kilo 85 hadi 90 za rojo, mahali pengine hata zaidi. Njia ya krafti, inayoupika mti mpaka lignini itoke, hukuachia kilo 45 hadi 50. Kanada hutumia mti wa aspeni kwa kazi hii, China popla, na mkaratusi nao unafaa. Mtu anayeyajua mashamba ya mikaratusi ya Mufindi, Tanzania, au ya nyanda za juu za Kenya ataelewa maana yake: mti uleule unatoa karibu mara mbili ya karatasi.

Lakini karatasi hiyo ina kasoro zake. Nyuzi za miti ya majani mapana ni fupi, urefu wa milimita moja hivi, wakati za msindano hufika milimita tatu. Lignini iliyobaki inazifanya kakamavu, hazilali bapa, zinagusana sehemu chache tu. Matokeo yake ni laha nene, nyepesi, isiyopenyesha mwanga kirahisi, ila dhaifu, inayotoa vumbi kwenye mashine ya kuchapia na yenye weupe unaofifia. Hapo ndipo mwenye kiwanda anapouliza aongeze nini, na hapo ndipo wauzaji wanne wanapomjia na magunia manne, kila mmoja akiapa kwamba lake ndilo dawa.

Vipimo kabla ya majina ya magunia

Kabla ya kulinganisha chochote, andika karatasi yako inapungukiwa na nini. Mimi hutumia vipimo vitano. Cha kwanza ni nguvu: kuvutwa, kuchanika, na uso kutonyofoka. Cha pili ni mwonekano, yaani weupe pamoja na uwezo wa kuzuia maandishi ya upande wa pili yasionekane. Cha tatu ni unene kwa uzito uleule, maana ndio unaoipa karatasi ukakamavu. Cha nne ni tabia mashineni: maji yanachujika haraka kiasi gani kwenye wavu, kitu ulichoongeza kinabaki kwenye laha au kinatoroka na maji, na kinataka maji ya pH gani, yaani yenye asidi au alkali kiasi gani. Cha tano ni upatikanaji, kwa sababu kemikali inayokaa bandarini wiki sita haisaidii mashine iliyosimama leo.

Kuna jambo la sita ambalo halimo kwenye gunia lolote, nalo ni hali ya maji yako. Nalitanguliza kwa sababu nimeona watu wakibadilisha wanga mara tatu kabla ya kugundua kwamba tatizo lilikuwa majini.

Mti uliosagwa kwa njia hii huachia majini vipande vidogo vya lignini, sukari za mti na utomvu, vyote vikiwa na chaji hasi. Ukimimina wanga wenye chaji chanya humo, uchafu huo unaudaka wanga kabla haujazifikia nyuzi. Fedha yako inaishia kusafisha maji. Jaribio lake halihitaji mashine ya gharama. Chuja rojo kidogo kupitia karatasi ya chujio na maji yake uyaweke kwenye glasi dirishani. Chukua rojo jingine la tangi hilohilo, litie tone la kemikali ya kukamatisha uchafu, mathalani alumini kloridi poli, au hata shabu kama mfumo wako ni wa asidi. Koroga, chuja, weka glasi ya pili pembeni. Glasi ya kwanza ikiwa na ukungu kama maji ya kuoshea mchele na ya pili ikiwa angavu, umeshapata jibu: anza na dawa ya kukamatisha, ndipo uje kwenye chaguo lolote kati ya haya yanayofuata.

Wanga wenye chaji chanya

*Nguvu.* Hii ndiyo kazi yake. Wanga wa mahindi, viazi au muhogo hufungwa kikemia na kikundi cha amoniamu kinachoupa chaji chanya, na kwa kuwa nyuzi zina chaji hasi, viwili hivi hushikana. Wanga unakaa pale nyuzi zinapogusana na kuongeza idadi ya vifungo. Kwa rojo lenye nyuzi zisizotaka kulala bapa, hiyo ni nusu ya kazi nzima. Kiasi cha kawaida ni kilo 5 hadi 15 kwa tani ya karatasi. Zaidi ya hapo nyuzi hazina pa kuupokea, unabaki majini, bakteria wanaula, na baada ya siku chache kiwanda kinanuka na utelezi unajishika kwenye mabomba.

*Mwonekano.* Hauongezi weupe. Ukitiwa mwingi, karatasi hupenyesha mwanga zaidi kidogo, kwa sababu pale nyuzi zinaposhikamana ndipo hewa inapoondoka, na hewa ndiyo inayotawanya mwanga.

*Unene.* Unaulinda vizuri. Njia nyingine ya kupata nguvu ni kusaga nyuzi zaidi, na kusaga kunaua unene uliokufanya uchague rojo hili. Wanga unatoa nguvu bila kuzigandamiza nyuzi.

*Mashineni.* Upikwe mpaka uive. Hapa watu wengi wanakosea. Wanga mbichi ukikorogwa majini ni mweupe kama maziwa. Ukifika nyuzi joto 90 na kukaa hapo, unakuwa mzito kama uji mwepesi na kuanza kung'aa. Chota kijiko, kiinue kwenye mwanga: ukiona punje nyeupe, rudisha jikoni. Punje isiyoiva haifungi nyuzi, inapita tu.

*Upatikanaji.* Muhogo umejaa Afrika Mashariki, na Thailand imejenga biashara kubwa ya wanga wa karatasi kutokana na zao hilihili. Lakini wanga wa kawaida wa sokoni hauna chaji. Ukiutia kwenye rojo, sehemu kubwa itaondoka na maji. Huo una nafasi yake mahali pengine: unapikwa, unalainishwa kwa kimeng'enya na kupakwa juu ya uso wa karatasi iliyokwisha kukauka. Kwa karatasi ya rojo hili inayotoa vumbi, kupaka uso ni msaada mkubwa.

*Unamfaa* mwenye karatasi inayokatika, anayetengeneza kadi na maboksi, na yeyote anayetaka kuongeza kijazio baadaye, yaani unga wa madini unaojaza nafasi kati ya nyuzi.

Kaolini

*Nguvu.* Inapunguza, kama kijazio chochote. Chembe ya udongo ikikaa kati ya nyuzi mbili, nyuzi hizo hazigusani.

*Mwonekano.* Ni udongo mweupe wa kauri, chembe zake ni vibamba bapa vyenye pembe sita. Vinalala kama vigae na kulainisha uso, kwa hiyo wino unakaa vizuri na picha inatoka safi. Weupe wake uko kati ya 80 na 90 kwa kipimo cha kawaida cha viwandani, kiwango kinacholingana na rojo lenyewe lililopaushwa vizuri. Haitakupandisha sana.

*Unene.* Inaushusha, kwa sababu vibamba hivyo hupangana kwa kubanana.

*Mashineni.* Hapa ndipo inapojitetea. Kaolini haijali asidi. Rojo linaloachiwa lignini hupendelea maji yenye asidi kidogo au yaliyo katikati, kwa maana pH ikipanda zaidi ya 8 lignini hugeuka rangi na uchafu zaidi huyeyuka kutoka kwenye nyuzi. Kiwanda kinachotumia shabu pamoja na gundi ya utomvu wa msindano kuzuia wino usisambae, kiko tayari kwenye asidi, na kaolini inaingia humo bila kubadilisha chochote.

*Upatikanaji.* Vilima vya Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam, vina kaolini inayojulikana kwa miaka mingi. Kuwa na udongo ardhini hata hivyo hakutoshi: udongo wa karatasi lazima uoshwe mchanga na kutolewa chembe za chuma, la sivyo utakula wavu wa mashine na kuifanya karatasi iwe ya manjano.

*Inamfaa* mwenye mfumo wa asidi ambaye hana mpango wa kuubadilisha, na anayechapa picha.

Chokaa, ya kusagwa na ya kutengenezwa

Nazungumzia kitu kimoja kikemia, kalisi kaboneti, chenye njia mbili za kukipata. Ya kwanza ni kusaga mawe ya chokaa au marumaru mpaka chembe nyingi ziwe chini ya maikroni mbili. Ya pili inafanana na kazi ambayo mafundi wa pwani wameifanya kwa karne nyingi. Matumbawe yalichomwa kwenye tanuri, yakazimwa kwa maji na kupakwa kwenye kuta za Lamu na Zanzibar, na ukuta ukawa unanyonya kaboni dayoksaidi kutoka hewani taratibu mpaka chokaa ikawa jiwe tena. Kiwandani ni vivyo hivyo, ila kwa haraka: jiwe huchomwa kwenye joto la nyuzi 900 hivi, huzimwa kwa maji, kisha kaboni dayoksaidi hupuliziwa ndani yake, mara nyingi ikichukuliwa kwenye bomba la moshi la kiwanda chenyewe cha karatasi. Anayesimamia mchakato huchagua umbo la chembe.

*Nguvu.* Zote mbili zinapunguza. Ya kutengenezwa yenye umbo la kishada cha miiba inapunguza zaidi, kwa sababu miiba hiyo inazitenganisha nyuzi. Ya kusagwa ina adabu zaidi hapa.

*Mwonekano.* Haishindwi na kaolini wala talki. Weupe wake ni 90 kwenda juu, na ya kutengenezwa huvuka 95. Kishada cha miiba kina nafasi za hewa ndani, na kila mpaka kati ya hewa na chembe hutawanya mwanga. Kwa rojo lenye rangi ya krimu, chokaa ndiyo inayoliinua mpaka likaonekana jeupe machoni pa mteja.

*Unene.* Kishada kinaulinda. Ya kusagwa inaushusha kiasi.

*Mashineni.* Hapa naomba usome polepole. Kalisi kaboneti huyeyuka kwenye asidi. Rojo lililopaushwa kwa peroksaidi mara nyingi hutiwa asidi kidogo mwishoni ili weupe usirudi nyuma. Likimiminwa hivyo kwenye tangi lenye chokaa, chokaa huanza kuyeyuka, povu hupanda, na kalisi iliyoyeyuka hukutana na mafuta ya mti na kutengeneza sabuni yenye kunata. Siku ya kwanza unaona povu tu. Siku ya tatu unaona madoa kwenye laha na matundu yasiyo na maelezo. Kwa upande mwingine, chokaa yenyewe huvuta pH kuelekea 8, na kule lignini haipendi. Kwa hiyo unabaki na ujia mwembamba: juu ya 7, chini ya 8, na kipimo cha pH kisichozimwa. Ipo chokaa iliyofanyiwa kazi ili istahimili asidi kidogo, kwa mfano kwa kutumia asidi ya fosforasi. Uliza kama muuzaji anayo. Ya kusagwa huruhusu maji kuchujika haraka. Kishada hushika maji, na mashine huenda ikahitaji mvuke zaidi wa kukaushia.

*Upatikanaji.* Mawe ya chokaa yapo tele kuanzia Tanga hadi Mombasa, ndiyo yanayolisha viwanda vya saruji. Ya kutengenezwa inahitaji kiwanda pembeni, na hesabu yake inakubali tu mahali penye uzalishaji mkubwa.

*Inamfaa* anayetengeneza karatasi ya kuandikia na kuchapia kwa kuchanganya rojo hili na la krafti, mwenye fundi wa kulinda pH usiku na mchana.

Talki

*Nguvu.* Inapunguza kama wenzake, ila laha inakuwa nyororo mkononi.

*Mwonekano.* Wa wastani.

*Unene.* Bapa kama kaolini, hivyo nayo inaushusha.

*Mashineni.* Talki ndiyo madini laini kuliko yote kwenye kipimo cha ugumu, namba moja, kwa hiyo haikwaruzi wavu. Sifa yake kubwa ni uso usiopenda maji na unaopenda mafuta. Utomvu unaoelea majini hujibandika kwenye talki na kuacha kunata. Kilo chache tu kwa tani, zikitiwa mapema kwenye rojo, hupunguza yale madoa meusi na mikatiko ya laha inayotokana na utomvu. Ukitaka kuitumia kama kijazio kamili, jiandae kuhangaika: haitaki kulowa, inahitaji dawa ya kuilowesha, na hubaki kwenye laha kwa shida.

*Inamfaa* mwenye tatizo la utomvu, mara nyingi ikiwa msaidizi wa chaguo jingine. Ufini, yenye talki yake yenyewe, iliitumia pia kama kijazio.

Titani dayoksaidi huzuia mwanga kuliko yote haya, lakini ni ghali sana na rojo la mavuno mengi tayari huzuia mwanga vizuri. Nanoselulosi, yaani nyuzi zilizochanwa mpaka nyembamba kupita kiasi, inaongeza nguvu kwelikweli, ila inang'ang'ania maji na kupunguza mwendo wa mashine. Zote mbili naziacha kwa karatasi za bei ya juu.

Kijazio na wanga hununuliwa pamoja

Wengi huuliza kana kwamba lazima wachague kimoja. Kijazio chochote kinachukua nguvu, na wanga ndio unaoirudisha, kwa hiyo swali halisi ni kijazio kipi kiandamane na wanga wako. Utaratibu wa kutia nao una uzito: kwanza dawa ya kukamatisha uchafu, kisha wanga kwenye rojo zito, halafu kijazio, na mwisho kabisa, karibu na mashine, dawa ya kushikiza inayokusanya chembe zisikimbie na maji. Ukitanguliza kijazio kabla uchafu haujakamatwa, kitazungukwa na uchafu na kupita wavuni.

Na unapojaribu, hakikisha ulichotia kimebaki. Tone la iodini kwenye laha hugeuka bluu iliyokoza kama wanga umo. Likibaki hudhurungi, wanga wako umekwenda na maji. Choma laha, dondosha siki kali juu ya majivu: yakichemka vipovu, kuna chokaa. Mwenye tanuri la maabara achome kwa nyuzi joto 525, apime, kisha achome tena majivu hayo kwa nyuzi joto 900. Chokaa safi ya gramu 100 itabaki gramu 56, kwa kuwa kaboni dayoksaidi imetoka. Kaolini haipungui kiasi hicho, na hivyo unajua ni kijazio gani kimekaa na kwa kiasi gani, hata ukiwa umechanganya viwili.

Kwa hali yako

Unatengeneza tabaka la kati la boksi au kadi: tia wanga, achana na vijazio. Pale unataka unene na ukakamavu, na hakuna mtu anayeuona weupe wa katikati.

Unatengeneza karatasi ya daftari ambayo sehemu ya rojo lake, tuseme asilimia 20 au 30, ni la mavuno mengi na iliyobaki ni krafti: chokaa ya kusagwa pamoja na wanga ni mahali pazuri pa kuanzia. Ukiona karatasi imekuwa nyembamba mno mkononi, ndipo ufikirie ile ya kishada.

Mfumo wako ni wa shabu na gundi ya utomvu: kaolini na wanga. Usichanganye chokaa humo hata kidogo kwa sababu tu imeshuka bei mwezi huu.

Laha inakatika na ina madoa yanayonata: talki kilo chache, pamoja na dawa ya kukamatisha, kabla ya kugusa kitu kingine. Madoa yakiisha, rudi kwenye orodha yako ya vipimo.

Karatasi inatoa vumbi kwa mchapaji lakini nguvu yake inatosha: paka wanga usoni, usiongeze ndani.

Kama karatasi ni ya kuhifadhi kumbukumbu, hati za ardhi, vyeti, madaftari ya usajili, hakuna gunia kati ya haya litakalokusaidia. Kiwango cha ISO 9706 cha karatasi ya kudumu kinataka lignini iwe karibu haipo kabisa na akiba ya alkali isiyopungua sawa na asilimia 2 ya kalisi kaboneti. Chokaa itatimiza sharti la pili na kukwama kwenye la kwanza. Kwa kazi hiyo nunua krafti iliyopaushwa, na rojo lako la mikaratusi ulipeleke kwenye kalenda, vitabu vya mazoezi na maboksi.

Na kama huna maabara, huna kipimo cha chaji, una tangi, wavu na mafundi wawili wa zamu: anza na zile glasi mbili dirishani, kila asubuhi kwa wiki moja, kabla hujasaini oda ya gunia lolote.